Rozari Ukutani, Chungu Motoni: Imani na Furaha za Nyumbani Kasesya

Imani ya watu wa Kasesya imekaa majumbani kwa sababu iliyo wazi: kanisa lilikuwa mbali na padri alikuwa mmoja. Kasesya ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, pale barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai inapoikuta Zambia na kuendelea kuelekea Mbala. Ni nchi ya uwanda wa juu wa Ufipa, yenye upepo, nyasi ndefu, na baridi inayouma mwezi wa Juni na Julai. Wafipa, Walungu na Wamambwe wa huko ni wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Parokia moja ilihudumia vigango vingi, na kutoka kigango hadi kigango watu walikwenda kwa miguu au kwa baiskeli; masika yakikolea, hata baiskeli ilibebwa begani. Misa ilifika mara chache kwa mwaka. Jumapili nyingine ziliongozwa na katekista, na siku sita za katikati zilibaki mikononi mwa wenye nyumba, hasa akina mama na mabibi.

Maelezo haya yametokana na historia iliyoandikwa kuhusu Ufipa, pamoja na kumbukumbu za mjukuu mmoja aliyelelewa na bibi yake katika vijiji vya mpaka huo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni na mafuta ya taa vilikuwa vitu vya kupanga foleni. Kumbukumbu za namna hiyo zina upungufu wake. Mtoto huona moto na chakula. Haoni deni, wala haoni kwamba bibi amejipakulia mwisho na kidogo kuliko wote. Ndiyo maana inabidi zisomwe pamoja na yale ambayo watu wazima wa wakati ule waliyajua na hawakuyasema mbele ya watoto.

Ukristo wenyewe uliingia pande hizi ukiwa na mpango wa nyumba mkononi. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee bado wanawaita Mapadri Weupe, walikabidhiwa ngome ya Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Charles Lavigerie, aliamini kwamba mapadri kutoka Ulaya peke yao wasingeifikisha dini mbali. Alitaka wapatikane Waafrika waliosomea utabibu, waoe, wajenge, waishi kati ya watu na kufundisha dini huku wakitibu. Maarufu kuliko wote alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger katika miaka ya 1860, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na mapadri hao kaskazini mwa Afrika, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Alifariki huko mwaka 1956, akiwa ametibu watu wa pande hizo kwa zaidi ya miaka 60. Alioa, akapata watoto, na mwanawe Joseph akawa padri. Masimulizi ya maisha yake mwenyewe yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mpango wa Lavigerie ulitegemea jambo dogo ambalo hotuba haiwezi kulifanya: mgonjwa anayekwenda kutafuta dawa akute pia mke, watoto, moto uliowashwa na watu wanaosali kabla ya kula.

Wafipa, hata hivyo, hawakusubiri kufundishwa maana ya nyumba. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake Fipa Families cha mwaka 2006, alichunguza familia za Nkansi, kaskazini mwa Ufipa, tangu 1880 hadi 1960. Mtoto wa Kifipa akishaachishwa ziwa alikwenda kulala kwa bibi na babu. Akikua zaidi alihamia nyumba za watoto wenzake, wavulana kwao na wasichana kwao. Kulea hakukuwa kazi ya baba na mama peke yao. Mapadri walipohubiri juu ya Familia Takatifu ya Nazareti, baba, mama na mtoto chini ya paa moja, watoto wenyewe waliokuwa wakisikiliza walikuwa wametoka kulala kwa bibi. Misheni nayo ikaishia kuingia katika utaratibu huo huo bila kupanga: ilipowapokea watoto, ikawalisha na kuwavika, wazazi waliiona kama mlezi mwingine, na wakaidai wajibu wa mlezi.

Hili ni jambo ambalo masimulizi mengi ya misheni hulipita haraka, na ni kosa kulipita. Likizingatiwa, linaeleza kwa nini katika vijiji vya uwanda huu sala za kwanza zilijulikana kwa sauti ya bibi. Alizifundisha gizani, mtoto akiwa tayari amejifunika, na alizifundisha akiwa amechoka. Kwa hiyo zilikuwa fupi, zilirudiwa kila usiku, na hazikuwa na mtihani. Bibi anayekumbukwa hapa alizaliwa kabla ya shule kufika kijijini kwake. Alijifunza Baba Yetu na Salamu Maria kwa kusikia, na hakuwahi kuzisoma popote. Kanisani alimwita Mungu kwa jina la Kiswahili. Akishtuka, au akishukuru ghafla kwa mvua iliyokuja siku ya kupanda, alimwita Leza, kama wazee wake walivyomwita, na kama Walungu na Wamambwe wa ng'ambo wanavyomwita. Hakuona mgongano wowote, na katekista hakumuuliza.

Siku katika nyumba hiyo ilianza na moto. Usiku makaa yalifukiwa majivuni; alfajiri bibi aliyafukua kwa kijiti na kuyapulizia mpaka majani makavu yashike. Yakiwa yamezimika, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kuomba moto. Kiberiti kilikuwepo ila kilitunzwa. Ishara ya msalaba ilifanywa kabla ya kupuliza, na mkono huo huo uliogusa paji la uso ndio uliosukuma kuni kati ya mafiga. Mjukuu alikuja kutambua ukubwani kwamba hakuwahi kumwona bibi akisali asubuhi akiwa ameketi. Sala ya asubuhi ilisaliwa uwanjani, ufagio mkononi, na ilikuwa na urefu wa uwanja: bibi akifika kwenye banda la kuku alikuwa amefika Amina.

Historia ya Kanisa ina watu wa aina hiyo. Karne ya 17, huko Paris, Ndugu Laurent wa Ufufuko, mtawa wa Karmeli aliyefanya kazi jikoni kwa miaka mingi, alijulikana kwa kushikilia kwamba Mungu yupo katikati ya vyungu sawa na alivyo mbele ya altare. Watu wakubwa walikwenda kuzungumza naye, na mawazo yake yakaja kuchapishwa baada ya kifo chake. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na monasteri ya kumtunza na kengele ya kumpangia saa. Bibi wa Ufipa aliamshwa na jogoo, na baada ya jikoni lilimngoja shamba. Wala hakuna aliyekuja kumwandika.

Baada ya moto yalifuata maji. Wanawake na wasichana waliteremka pamoja hadi kijitoni, na kila mmoja alikuwa na chombo cha kadiri yake, hata mtoto mwenye kopo. Juu ya ndoo iliyojaa liliwekwa tawi lenye majani ili maji yasiruke njiani. Kazi hii ilichosha, na anayeisimulia leo kana kwamba ilikuwa matembezi anadanganya. Lakini njia ya maji ilikuwa pia mahali pa habari: nani amejifungua, nani ana homa, mume wa nani amerudi kutoka Mbala na amerudi na nini. Habari za wagonjwa hazikuishia njiani. Mchana mtu angeonekana akipita na uji kwenye kibakuli kilichofunikwa kwa sahani, akielekea nyumba iliyotajwa asubuhi.

Ulezi ndio uliodai kazi kubwa kuliko nafaka zote. Wafipa wanajulikana kwa kilimo cha kufukia nyasi: katikati ya masika nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, hulundikwa na kufunikwa ziwe vilima vya duara. Nyasi zikishaoza, msimu unaofuata vilima husambazwa na ulezi hupandwa kwenye rutuba hiyo. Mtu mwenye jembe Februari anashughulikia chakula cha mwaka mwingine. Ulezi ukiiva hukatwa suke kwa suke kwa kisu, huanikwa, hupigwa kwa fimbo, hupepetwa kwa ungo upepo ukiwa mzuri, ndipo husagwa. Kwenye jiwe la kusagia mtu alipiga magoti. Waliosaga wawili waliimba. Aliyesaga peke yake alisali Salamu Maria, kwa kuwa mwendo wa jiwe na mwendo wa sala hiyo vililingana, na kumi la rozari likiisha unga wa kutosha uji ulikuwa umekwisha kushuka. Bibi alihesabu kwa sala mahali ambapo wengine wangehesabu kwa saa. Hata yai lilichemshwa kwa idadi ya Salamu Maria, na lilitoka vizuri.

Furaha za kazi hii zilikuwa ndogo na zilijulikana mapema. Ukoko wa ugali uliobaki chunguni ulikuwa wa watoto, na uligombewa. Togwa ya ulezi iliyolala usiku mmoja ilionjwa na kila aliyepita. Viazi vilifukiwa kwenye majivu ya moto wa jioni na kusahauliwa kwa makusudi mpaka harufu iwakumbushe. Mvua za kwanza za Novemba zilileta kumbikumbi, na usiku wa kumbikumbi hakuna mtoto aliyelala mapema. Walikaangwa bila mafuta, wakatiwa chumvi, wakaliwa kabla ya kupoa. Baadaye kidogo ulikuja uyoga wa porini, na hapo mabibi walihitajika kuliko wakati wowote, kwa sababu wao ndio waliojua upi unaliwa na upi unaua. Bibi aliuosha, akautazama mmoja mmoja, akautupa ule aliouonea shaka hata kama ulikuwa mzuri kwa macho. Hapa uangalifu wenyewe ulikuwa upendo, na mjukuu anakumbuka uso wake akiukagua kuliko anavyokumbuka mahubiri yoyote.

Chakula kililiwa kwa pamoja, ugali kwenye sinia, maharage au dagaa wa Ziwa Tanganyika kwenye bakuli, mikono ikiwa imenawishwa na mdogo kuliko wote. Sala ya chakula ilikuwa fupi. Bibi alishikilia kwamba ugali uliopoa si wa kumshukuria mtu. Mgeni akitokea, mwanamke wa Kifipa alipiga magoti na kupiga makofi taratibu kwa heshima, na salamu zilikwenda kwa zamu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Waliobatizwa waliongeza "Tumsifu Yesu Kristo" na kujibiwa "Milele, Amina." Mgeni hakuulizwa kama amekula. Alinawishwa. Ndiyo sababu ugali ulisongwa mwingi kidogo kuliko idadi ya walaji, hata miezi ya Januari na Februari ambapo kihenge kilianza kusikika kitupu kikigongwa. Katika nyumba nyingine desturi hiyo ililegea kwenye miezi ya njaa, na hakuna aliyewalaumu.

Usiku ulikuwa na mpangilio wake. Koroboi iliwashwa kwa muda mfupi, ikazimwa, na mwanga uliobaki ulikuwa wa moto. Ukutani palitundikwa rozari ya plastiki kwenye msumari, picha ya Bikira Maria, kalenda ya zamani iliyoachwa kwa ajili ya picha yake, na tawi la mnazi au mtende la Jumapili ya Matawi lililokauka, likingoja kurudishwa kanisani lichomwe kuwa majivu ya Jumatano ya Majivu. Cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki viliwekwa ndani ya kopo moja chini ya kitanda. Bibi aliviona kuwa vya daraja moja, na alivitoa vyote viwili mtoto alipougua. Rozari ilisaliwa kumi moja tu siku za kawaida, na mafumbo yote matano Oktoba na Mei. Kisha zilikuja hadithi, na hapo hapakuwa na mtakatifu hata mmoja. Palikuwa na sungura, fisi, na mtu mwenye tamaa aliyepata alichostahili. Mtaalamu wa anthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona hadithi hizi kuwa sanaa yenye uzito wa kutosha kuandikiwa kitabu kizima. Mabibi wa Kasesya waliziona kuwa njia ya kuwalaza watoto.

Mwaka wa Kanisa na mwaka wa shamba viliendana vizuri kwa bahati tu, kwa kuwa kalenda hiyo ilipangwa kwa majira ya nchi nyingine. Kwaresima iliangukia miezi ambayo chakula kilikuwa haba tayari, na kufunga kwa wengi hakukuhitaji tangazo. Pasaka ilifika mahindi mabichi yakiwa yameanza kuchomwa. Sikukuu zenye shangwe zaidi kwa watu wa huku zilikuwa zile za baada ya mavuno, Julai na Agosti, wakati wa ndoa, wa komunio ya kwanza, wa kufyatua na kuchoma matofali. Tanuri la matofali liliwaka usiku kucha, na katika baridi ya uwanda watu walikusanyika kulizunguka bila kualikwa. Krismasi iliangukia katikati ya mvua na palizi. Nguo mpya, kama zilikuwepo, zilivaliwa asubuhi ya Misa au ibada na kuvuliwa mchana, na waliotaka kuokoa mahindi yao yasimezwe na magugu walikuwa shambani siku ya pili yake.

Kuanzia miaka ya 1970 nyumba zilipata kazi rasmi zaidi katika Kanisa. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba maisha ya Kikristo yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Tangu hapo jumuiya hukutana nyumba kwa nyumba, kwa kawaida mara moja kwa wiki, husali, husoma Injili ya Jumapili inayokuja, hutaja wagonjwa na hupanga nani atakwenda kuwaona. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kuiita familia kanisa la nyumbani katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, na Papa Yohane Paulo II, katika Ecclesia in Africa ya mwaka 1995, alilieleza Kanisa la bara hili kuwa familia ya Mungu. Wengi wa Kasesya hawakuzisoma hati hizo. Walichokijua ni zamu. Zamu ikifika, nyumba ilipakwa udongo upya, viti viliazimwa kwa majirani, na mtoto aliyekuwa na mdomo mrefu alionywa mapema.

Jumuiya ilileta furaha ya kutembelewa, na kwa mjane au mzee asiye na watoto karibu hiyo si furaha ndogo. Ilileta aibu pia. Michango ilisomwa kwa majina, na mtu asiye na kitu alijua jina lake litasomwa. Baadhi waliacha kuhudhuria kwa sababu hiyo peke yake, wakahesabiwa kuwa wamepoa imani, wakati walichopungukiwa kilikuwa fedha. Wale viongozi waliokuwa na busara walikubali debe la maharage au siku ya kazi badala ya fedha taslimu, na jumuiya zao ziliendelea kujaa.

Mpaka nao ulikuwa na sehemu yake katika maisha ya nyumbani. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890 jinsi ya kugawana nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mstari wao ulipita katikati ya Walungu na Wamambwe, ndugu wakabaki huku na huku. Upande wa Mbala, iliyoitwa Abercorn, ulikuwa na wamisionari wa Kiprotestanti wa London Missionary Society, ambao makanisa yao yaliingia katika United Church of Zambia mwaka 1965. Kwa hiyo shangazi wa ng'ambo aliweza kuja msibani na kitabu cha nyimbo tofauti kabisa. Msiba uliamua mambo haya bila mdahalo: kila upande uliimba kwa zamu, rozari ikasaliwa usiku, na asiyesali rozari alikoroga chungu cha nyuma ya nyumba. Wamoraviani, na baadaye Wapentekoste, waliingia katika utaratibu huo huo. Waislamu wachache, wengi wao wafanyabiashara, walileta sukari na kukaa na wanaume. Siku za soko, mpaka uliwapa watoto anasa zao: biskuti na soda za Zambia, na sarafu za kwacha za kuchezea.

Ingekuwa udanganyifu kuishia hapo, kwa sababu nyumba hizo zilizojaa sala na ukarimu zilikuwa pia na watoto wasiokua. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoongoza Tanzania kwa mahindi. Ndiyo hiyo hiyo iliyoongoza kwa udumavu katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16: watoto 56 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko inavyostahili umri wao, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta udumavu umepungua kidogo tu, hadi karibu nusu ya watoto. Sababu kubwa haikuwa ghala tupu. Mtoto mdogo alilishwa uji mwepesi wa mahindi matupu, mara mbili kwa siku badala ya nne au tano, kwa kuwa mama alikuwa shambani tangu alfajiri na aliyebaki nyumbani alikuwa dada wa miaka saba. Mayai na maharage yaliuzwa. Samaki alikwenda kwa baba na mgeni.

Udumavu hauonekani kwa macho ya siku moja, na hapo ndipo kumbukumbu tamu zinapopotosha. Watoto wote wa rika moja wakiwa wafupi, hakuna anayeonekana mfupi. Bibi aliyegawa chakula kwa haki kwa kadiri alivyoijua haki, mkubwa kwanza, hakujua kwamba aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote ni yule mdogo mgongoni. Wahudumu wa afya wanaofundisha leo kuongeza karanga, dagaa wa kusagwa na mboga kwenye uji wamegundua kwamba somo hilo halishiki likitolewa kwa mama mdogo peke yake. Katika nyumba ya Kifipa neno la mwisho juu ya chakula cha mtoto mara nyingi ni la bibi. Akikubali yeye, uji unabadilika. Jumuiya na vikundi vya akina mama, vikiwemo vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, vina faida hapo: vinawakalisha mama na bibi chumba kimoja, na kinachosemwa kinasikika na wote wawili kwa wakati mmoja.

Mzigo wa kazi nao haukugawanywa kwa usawa, na dini ilitumika pande zote mbili za hoja. Wapo waliotaja utii wa mke kila mume alipotaka maji ya kuoga yaliyochemshwa na mtu aliyetoka naye shamba moja. Wapo pia makatekista waliomtaja Yusufu wa Nazareti, fundi aliyefanya kazi nyumbani kwake, na kuwauliza wanaume kupasua kuni kungewapunguzia nini. Babu wa mjukuu huyu alipasua kuni na kukaanga dagaa. Majirani walimcheka kwa miaka, naye hakujibu. Dagaa wake walikuwa watamu.

Mambo mengi ya nyumba hiyo yamebadilika. Mashine ya kusaga imelipumzisha jiwe, na wanaolikumbuka kwa mapenzi wengi si wale waliolipigia magoti. Mabati yamechukua nafasi ya nyasi, na mvua ikipiga juu ya bati sala ya jioni haisikiki mpaka itulie. Sola imeondoa koroboi. Rozari husikika redioni, na wazee wanaoishi peke yao huisali pamoja na sauti ya mtu wasiyemjua, jambo ambalo ni bora kuliko ukimya. Wajukuu hawalali tena kwa bibi kama zamani. Wako bwenini, au mjini Sumbawanga kwa shule, na wengi hujifunza sala kwa mwalimu wa dini kutoka kwenye kitabu. Wanazijua vizuri zaidi kwa maneno, na wanajua sehemu ambazo bibi alikuwa anazikosea.

Kazi iliyobaki ya mikono ya wengi ni kuchambua maharage. Mavuno yakishapurwa, maharage humwagwa juu ya turubai, na yaliyooza, mawe na makapi huondolewa moja moja kabla ya kupimwa kwa mnunuzi. Kazi hiyo haina mashine vijijini na haina umri. Mzee asiyeona vizuri huchambua kwa vidole, mtoto huchambua kwa kushindana, na siku hizi wanaume nao hukaa, kwa kuwa maharage yana bei na gunia chafu linakatwa fedha. Inafanyika jioni, inachukua saa nyingi, na haizuii kuzungumza. Wagonjwa wa wiki hutajwa hapo, ndoa hupangwa hapo, ugomvi wa mpaka wa shamba huanzia au kuishia hapo, na mara nyingi mama mwenye nyumba huanzisha sala ya Malaika wa Bwana bila kuinua macho kutoka kwenye turubai, na waliopo wanaitikia.